Darwin, mzee aliyeloweka mbegu kwenye maji ya chumvi

Pita ufukweni Ras Kisimani, Mafia, maji yakiwa yamekupwa. Utakuta mikoko, na viumbe vidogo vyenye gamba vilivyoganda kwenye mawe na matumbo ya mashua. Havitembei. Sasa vilifikaje hapo?

Swali kama hilo lilimsumbua Charles Darwin kwa miaka mingi.

Alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, tarehe 12 Februari 1809. Baba yake, daktari, alimpeleka Edinburgh akasomee udaktari. Kijana akashindwa: upasuaji bila ganzi ulimtisha.

Mwaka 1831 alipanda meli ya Beagle, akazunguka dunia kwa miaka mitano. Aprili 1836 alifika visiwa vya Cocos, katika Bahari yetu ya Hindi. Akaona kwamba mimea ya pale, ukiacha iliyopandwa na watu, ililetwa na mawimbi.

Kuanzia 1846 alichunguza wale viumbe wa magamba kwa miaka minane. Akiwa katikati ya kazi, mwaka 1851, binti yake Annie alifariki akiwa na miaka 10 tu. Darwin hakupona jeraha hilo.

Alichojifunza ni hiki: kiumbe aliyeganda hawezi kwenda kutafuta mwenza. Kwa hiyo wengi wao wana jinsia zote mbili, na huishi wamebanana ili wafikiane. Watoto wao huogelea, kisha huganda moja kwa moja.

Mwaka 1855 akageukia mbegu. Wasomi wengi walidhani chumvi ya bahari inaziua. Darwin akaziloweka kwenye maji ya chumvi nyumbani kwake. Kati ya aina 87, aina 64 ziliota baada ya siku 28! Akapiga hesabu kwamba mbegu inayoelea muda huo inaweza kubebwa na mkondo zaidi ya kilomita 1,400.

Lakini hofu nyingine ilikuwa ndani ya nyumba. Mkewe Emma alikuwa binti wa mjomba wake. Walizaa watoto 10, watatu wakafa wadogo. Akajiuliza: je, ni kwa sababu ya udugu? Akapanda mimea kwa miaka 11, akilinganisha iliyojichavusha yenyewe na iliyochavushwa na mingine. Kitabu chake cha 1876 kilionyesha kuwa mara nyingi ile ya kwanza hutoka dhaifu.

Alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa Westminster Abbey.

Rudi sasa Kisimani. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikadondoka, ikaelea. Ng'ambo ya mlango wa bahari iko delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko. Ukikata mikoko yote ya upande mmoja, hujakata miti tu. Umekata na mbegu za majirani.