Profesa Kenneth Clark na wanasesere wanne

Msikilizaji, leo tunakuletea maisha ya Profesa Kenneth Clark, mwanasaikolojia Mmarekani mweusi. Alizaliwa mwaka 1914 katika eneo la Mfereji wa Panama, akakulia Harlem, New York.

Enzi hizo, majimbo ya kusini mwa Marekani yalikuwa na sheria za kuwatenga watoto weusi katika shule zao. Clark na mkewe Mamie, ambaye ndiye aliyeanza utafiti huo, waliwapa watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere wanne. Walifanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza: yupi mzuri, yupi mbaya, yupi anafanana na wewe? Wengi walisema mzuri ni yule mweupe. Walipofika swali la mwisho, baadhi walilia na kutoka mbio.

Mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku kuwatenga wanafunzi wa shule za umma kwa rangi, ilitaja kazi ya Clark katika hukumu yake.

Clark alifundisha City College, New York, hadi alipostaafu mwaka 1975. Alifariki mwaka 2005, akisikitika kwamba watoto wengi weusi bado walisoma peke yao.

Sisi tunabaki na funzo la nyumbani. Tukimsifu mtoto mmoja kwa weupe na kumtania mwenzake kwa weusi, wote wawili wanasikia, na wote wawili wanaamini.