Gregor Mendel, Mtawa Aliyehesabu Njegere

Kila mwanafunzi wa elimu ya viumbe hulijua jina la Gregor Mendel kabla hajamjua mtu mwenyewe. Jina hilo humjia katika karatasi ya mtihani, pamoja na njegere ndefu na fupi, herufi kubwa na herufi ndogo, na hesabu ya tatu kwa moja. Wengi wetu hukariri hesabu hiyo kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha, tukaiandika, tukapata alama zetu, na mambo yakaishia hapo. Nimeona vyema kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu, walio darasani na waliokwisha kutoka, maisha ya mtu huyu. Atakayejua jinsi hesabu ile ilivyopatikana hatahitaji kuikariri, na itamfaa hata nje ya chumba cha mtihani.

Mendel alizaliwa mwezi wa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, nchi ya Silesia, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Dola ya Austria. Leo kijiji hicho kimo katika Jamhuri ya Cheki, na jina lake ni Hynčice. Alibatizwa kwa jina la Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mwenye shamba lake, lakini siku tatu za kila juma alilazimishwa kumfanyia kazi bwana wa nchi ile bila ujira. Siku zilizobaki ndizo alizolima shamba lake na kutunza miti yake ya matunda, na mtoto wake alikuwa karibu naye akitazama na kusaidia.

Mwalimu wa kijiji aliona kwamba kijana ana akili, naye akapelekwa shule ya mbali, kisha shule kubwa ya mji wa Troppau. Wazazi hawakuweza kumlipia chakula kizima, basi akaandikishwa kupata nusu. Siku nyingi alisoma na njaa. Mwaka 1838 gogo lilimwangukia baba yake akiwa kazini, likamuumiza kifua, asiweze tena kufanya kazi kama zamani. Johann alikuwa na miaka 16. Tangu hapo ilimpasa ajitafutie mwenyewe, akawa akifundisha watoto wa wengine ili apate riziki. Zaidi ya mara moja aliugua akarudi nyumbani kulala kitandani.

Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia. Kwa desturi ya watu wa huko, binti ndiye apewaye mali na wazazi wake ili aende nayo kwa mume. Theresia alimkatia kaka yake sehemu ya mali hiyo, naye akaweza kuendelea na masomo katika mji wa Olmütz. Mendel hakuisahau fadhila ile. Alipopata uwezo, aliwasomesha watoto watatu wa kiume wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwezi wa Oktoba 1843 aliingia katika monasteri ya Waagustino mjini Brünn, ambao siku hizi ni Brno. Huko ndiko alikopewa jina la Gregor, na mwaka 1847 akapata upadre. Abati wake, Cyril Napp, alikuwa mtu wa kupenda elimu. Katika nchi ile wafugaji wa kondoo na wakulima wa matunda walikuwa wakijiuliza sana jinsi sifa za wazazi zinavyowafikia watoto, na Abati Napp aliona swali hilo ni la maana. Padre Gregor hakuiweza kazi ya kuwazuru wagonjwa, kwa kuwa mateso yao yalimlemea hata yeye mwenyewe akaugua. Abati alimwona, akampeleka kufundisha shule mwaka 1849. Kazi hiyo ilimfaa.

Lakini mwalimu alihitaji cheti. Mwaka 1850 Mendel alikwenda Vienna kufanya mtihani wa ualimu, naye hakufaulu. Maswali ya miamba na ya kuwapanga wanyama katika makundi yao yalimshinda, maana alikuwa amejisomea peke yake. Abati Napp hakumkatia tamaa, bali alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna tangu 1851 hata 1853. Huko alisoma fizikia kwa Christian Doppler na elimu ya mimea kwa Franz Unger, akajifunza pia hesabu za kupanga na kuchanganya vitu. Mwaka 1856 alirudi kwenye mtihani ule mara ya pili. Safari hii aliugua, akarudi nyumbani mikono mitupu. Hakupata cheti kile maisha yake yote, na miaka yake yote ya kufundisha alikuwa mwalimu wa muda tu.

Basi mwaka ule ule wa 1856 ndipo alipoanza, katika bustani ya monasteri, kazi iliyomletea sifa.

Alichagua njegere kwa sababu nzuri. Ua la njegere limefungika, nalo hujitia chavua lenyewe, kwa hiyo mtunzaji anajua hakika mbegu imetoka kwa mzazi gani. Akitaka kuwachanganya wazazi wawili, hulifungua ua likiwa bado changa, akaondoa vyembe vya kiume, kisha akapaka chavua ya mmea mwingine. Kwanza Mendel alitumia miaka miwili kuzijaribu mbegu zake, apate kuhakikisha kwamba kila aina huzaa aina yake bila kubadilika. Kisha akachagua tabia saba ambazo mtu huona mara moja, kama vile mbegu ya duara au yenye makunyanzi, ya manjano au ya kijani, mmea mrefu au mfupi.

Alipochanganya mbegu za duara na zile zenye makunyanzi, watoto wote walikuwa wa duara. Makunyanzi yalipotea kabisa. Akawaacha watoto hao wajizalie wenyewe, na katika wajukuu makunyanzi yakarudi. Jambo hilo wengine walikuwa wameliona kabla yake, lakini hawakuhesabu. Mendel alihesabu. Mbegu za duara zilikuwa 5,474, na zenye makunyanzi 1,850. Katika rangi, za manjano zilikuwa 6,022 na za kijani 2,001. Gawa mwenyewe, msomaji, utaona kwamba kila mara ni karibu tatu kwa moja.

Wengi wetu tungetosheka hapo. Yeye alipanda tena. Alitaka kujua kama zile tatu ni kitu kimoja. Alipanda mimea 565 kutokana na mbegu za duara: mimea 193 ilizaa mbegu za duara tupu, na mimea 372 ilizaa mchanganyiko. Kumbe zile tatu zina siri ndani yake: moja ni safi, na mbili zimebeba makunyanzi yaliyojificha. Kwa hiyo hesabu ya kweli ni moja, mbili, moja. Maana yake ni kwamba kila mmea una vipande viwili vya urithi kwa kila tabia, kimoja cha baba na kimoja cha mama, na humpa mtoto kimoja tu, kwa bahati, kama mtu arushaye sarafu. Siku hizi kipande hicho twakiita jeni. Kipande kilichojificha hakikuchanganyika na mwenzake kama maziwa katika chai. Kinangoja, kisha kinatoka kama kilivyoingia.

Hata hapo hakutua. Alijiuliza njegere hizo zitakuwaje baada ya vizazi vingi, kila mmea ukijizalia wenyewe. Alikadiria kwamba kila mmea unatoa mbegu nne, akapiga hesabu. Katika kizazi cha kumi, kwa kila mimea 2,048, wenye mchanganyiko ni 2 tu, na safi ni 1,023 kila upande. Hapo Mendel alikuwa ameacha kuhesabu watoto wa wazazi wawili, akaanza kuhesabu umma mzima wa mimea.

Alisoma habari hizi mbele ya chama cha wenye elimu mjini Brünn tarehe 8 Februari na 8 Machi 1865, na mwaka 1866 zikapigwa chapa. Alipeleka nakala kwa wakuu wa elimu. Mmoja wao, Carl Nägeli wa Munich, alimjibu, lakini hakuitambua thamani ya kazi ile. Mendel akajaribu pia mmea ambao Nägeli alikuwa akiuchunguza, nao ukamchosha bure, maana mmea huo mara nyingi huzaa mbegu bila kutiwa chavua. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abati. Kazi za monasteri zilimjaa, na tangu 1874 akawa na ugomvi mrefu na serikali juu ya kodi. Hata hivyo aliendelea kufuga nyuki na kuandika habari za mvua na baridi. Alifariki tarehe 6 Januari 1884. Watu wa mji walimlilia abati mwema, wala hawakujua kwamba wamezika mgunduzi. Ni mwaka 1900 tu ndipo Hugo de Vries na Carl Correns, kila mmoja kwa njia yake, walipofika mahali pale pale na kukuta kwamba Mendel amewatangulia kwa miaka 34.

Kazi yake iliondoa mashaka makubwa. Charles Darwin alikuwa ameandika mwaka 1859 juu ya mageuko ya viumbe, lakini hakuweza kueleza kwa nini sifa mpya haipotei kwa kuchanganyika, kama tone la wino katika pipa la maji. Jibu lilikuwa katika bustani ya Brünn. Mwaka 1908 Godfrey Hardy wa Uingereza na Wilhelm Weinberg wa Ujerumani walionyesha kwamba watu wakioana bila kuchaguana kwa tabia hiyo, na pasipo kitu kingine cha kusukuma, kiasi cha jeni hakibadiliki kutoka kizazi hata kizazi. Tabia yenye nguvu haienei kwa kuwa ina nguvu, wala iliyojificha haifi kwa kuwa imejificha.

Tuchukue swali kama yale ya mtihani. Katika mji fulani, kwa kila watoto 100 wanaozaliwa, 1 ana ugonjwa wa selimundu. Je, wabebaji ni wangapi? Anayekariri ataandika tatu kwa moja, naye atakosa, kwa sababu tatu kwa moja ni ya watoto wa wazazi wawili wabebaji, wala si ya mji mzima. Anza na mgonjwa. Yeye amepata jeni ile mara mbili. Ikiwa nafasi ya kuipata mara mbili ni 1 katika 100, nafasi ya kuipata mara moja ni 1 katika 10. Jeni nzuri basi ni 9 katika 10. Wazima kabisa ni 9 mara 9, yaani 81. Wabebaji ni 9 mara 1, kisha mara mbili, kwa kuwa jeni mbaya yaweza kutoka kwa baba au kwa mama, yaani 18. Jumlisha 81, 18 na 1, upate 100. Tazama tena: jeni mbaya zote ni 20, na 18 kati yake zimo ndani ya watu wanaotembea na afya yao.

Swali hili si la karatasi tu kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki. Huko Bwamba, magharibi ya Uganda, wapimaji walikuta wabebaji zaidi ya 40 katika kila watu 100. Mtu angeuliza: ikiwa wagonjwa wengi hufa wadogo, kwa nini jeni hiyo haiishi? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954, kwa uchunguzi alioufanya Uganda na Kenya, kwamba wabebaji wana kinga kubwa juu ya malaria kali. Malaria huwapunguza wasio nayo, selimundu huwapunguza walio nayo mara mbili, na mbebaji hupita katikati. Hicho ndicho kitu cha kusukuma, na hivyo ndivyo mageuko yanavyofanya kazi mbele ya macho yetu.

Katika vijiji vingi mtoto akiugua hivi, hulaumiwa mama yake, au hutafutwa jirani mchawi. Hesabu ya Mendel huwatoa wote wawili lawamani, maana mtoto amepokea kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, na hakuna aliyechagua. Tena yafaa kuwaonya wanaofikiri kwamba wazazi wabebaji wakimpata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Kila mtoto ana nafasi ile ile, moja katika nne. Kupimwa damu kabla ya kuoana ni jambo la akili, na wanafunzi wa zamani waliokwisha kuwa wazazi wanaweza kuwaeleza jamaa zao kuliko tuwezavyo sisi.

Basi, ndugu zangu, tutakapoketi mbele ya swali la njegere, tumkumbuke mwalimu huyu asiye na cheti. Mtihani ulimshinda mara mbili, lakini hakuacha kuuliza kwa nini, wala hakuona uchovu kuhesabu mbegu moja moja hadi zikampa jibu.