Senda Berenson na mistari aliyoichora uwanjani

Somo: Marko 2:23-28

Waangalie mabinti wa shule zetu za Dodoma wanapocheza netiboli. Kila mmoja ana herufi kifuani, na herufi hizo ndizo zinazomwambia mwisho wake ni wapi. Mfungaji harudi nyuma kulinda goli, mlinzi haendi mbele kufunga, na hakuna anayeruhusiwa kukimbia na mpira. Mchezo huu ulizaliwa Uingereza kutokana na mpira wa kikapu wa wanawake. Leo tumtafakari mwanamke anayeitwa mama wa mpira huo wa kikapu, kwa sababu maisha yake yanatugusa sisi tunaolea mabinti na kuwawekea sheria.

Senda Berenson alizaliwa tarehe 19 Machi 1868 katika kijiji cha Butrimonys, Lithuania, nchi iliyokuwa chini ya Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Alikuwa mtoto wa miaka saba hivi walipohamia Boston, Marekani, na huko baba yake akaishi kwa kuchuuza bidhaa. Anayewajua wachuuzi wetu wa Majengo na Sabasaba anaweza kukisia chakula cha nyumba ile kilitoka wapi. Kaka yake Bernard alisoma Harvard akawa mtaalamu maarufu wa michoro ya kale ya Italia. Senda alikuwa mtu wa kuumwaumwa. Alipenda piano, akaanza kusoma muziki, lakini mgongo ukamshinda na masomo yakakatika.

Mwaka 1890 akaingia katika chuo cha mazoezi ya viungo mjini Boston. Hakwenda kutafuta kazi, alitafuta nafuu. Siku za mwanzo aliyachukia mazoezi yale na mwili uliyakataa, ila baada ya miezi michache nguvu zikaanza kuja. Januari 1892 akapelekwa Chuo cha Smith, chuo cha wanawake kilichopo Northampton, kushika nafasi ya mwalimu kwa muda. Akakaa hapo hadi 1911. Mungu wetu ana tabia hiyo. Musa alilalamika kwamba ulimi wake ni mzito, naye ndiye aliyetumwa kwenda kusema mbele ya Farao.

Kazi haikuwa rahisi. Mwaka 1873 daktari mmoja wa Boston, Edward Clarke, alikuwa ametoa kitabu akidai kuwa elimu ya juu inaharibu mwili wa mwanamke, na wengi walimwamini. Sisi wa kanda ya kati tunaweza kucheka, maana mwanamke wa Kigogo hubeba ndoo ya maji kichwani, hutwanga uwele na kupiga ngoma ya muheme, na hakuna anayemwambia kuwa ni dhaifu. Lakini tusicheke sana. Binti huyohuyo akiomba ruhusa ya kwenda mazoezini, mara nyingi ndipo tunapokumbuka kwamba ni msichana.

Senda alisoma katika jarida habari za mchezo mpya. James Naismith, kijana aliyekuwa amesoma theolojia Montreal, aliubuni Desemba 1891 mjini Springfield, si mbali na Northampton, kwa kutundika vikapu vya matunda ukutani. Senda akaujaribu kwa wanafunzi wake. Tarehe 22 Machi 1893 wa mwaka wa pili wakakutana na wa mwaka wa kwanza, na wanaume wakazuiwa kuingia. Senda aliporusha mpira juu kuanzisha mchezo, mkono wake ukagonga mkono wa nahodha wa mwaka wa kwanza, na bega la binti yule likateguka. Hebu fikiri mwalimu alijisikiaje. Jambo ambalo madaktari walilitabiri lilitokea kabla mchezo haujaanza vizuri! Bega likarudishwa mahali pake, mwingine akaingia, na mchezo ukaendelea.

Baadaye akaandika sheria za wanawake. Uwanja uligawanywa sehemu tatu, na mchezaji hakuruhusiwa kutoka katika sehemu yake. Kumpokonya mwenzako mpira kulikatazwa, na kuushika zaidi ya sekunde tatu kukawa kosa. Alitaka wote waguse mpira, hodari na mgeni, na asiwepo mmoja wa kukimbia uwanja mzima huku wenzake wakitazama. Alitaka pia kuwaziba midomo waliosubiri msichana mwingine aumie ili mchezo ufungwe. Kwa mistari ile wanawake waliachiwa wacheze, na sheria hizo zikaenea katika vyuo na shule za Marekani.

Hata hivyo, upo upande ambao mimi naona ugumu kuusifu. Senda hakupenda mashindano kati ya chuo na chuo, akiogopa yangeleta ukali na tamaa ya ushindi. Mwaka 1896 wasichana wa Stanford na California walikutana uwanjani, lakini wa Smith waliendelea kucheza wao kwa wao. Na mistari iliyochorwa ili kuwalinda mabinti ilibaki, kwa namna moja au nyingine, hata baada ya hofu ya madaktari kuisha. Bwana Yesu aliwakumbusha Mafarisayo kwamba sabato iliwekwa kwa faida ya mwanadamu. Swali gumu kwa wazazi na kwa wazee wa kanisa ni lini kinga imegeuka kuwa kifungo, na ni nani mwenye ujasiri wa kuifuta wakati aliyeiweka aliiweka kwa upendo.

Senda aliolewa mwaka 1911 na Herbert Abbott, profesa wa Kiingereza palepale Smith. Aliendelea kusimamia kanuni za mchezo kwa miaka kadhaa zaidi, na akafariki California tarehe 16 Februari 1954. Wanawake wa vyuo vya Marekani walianza kucheza watano watano, uwanja mzima, mwaka 1971. Huko Iowa wasichana wa sekondari walisubiri hadi 1993. Mwaka 1985 jina la Senda liliingizwa katika jumba la heshima la mpira wa kikapu, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupewa nafasi hiyo, mjini Springfield.