Michael Dillon, daktari aliyeijaribu homoni mwilini mwake

Anayetembelea tembe la Kwihara, pale Dkt. Livingstone alipokaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, huenda akalisikia jina la Dillon. Huyo alikuwa daktari wa msafara wa Cameron. Mwaka 1873 alikuwa Kwihara akisumbuliwa na homa, wakati akina Susi na Chuma walipopita wakiubeba mwili wa Livingstone kuupeleka pwani. Alifia njiani mwezi Novemba mwaka huohuo.

Makala haya yanamhusu Dillon mwingine, naye daktari na msafiri, aliyezaliwa London tarehe 1 Mei 1915. Tunasimulia maisha yake kwa sababu kila tunapozungumzia homoni, swali moja hurudi kwenye simu zetu, mara nyingi bila jina la mtumaji. Mtu aliyezaliwa na mwili wa kike lakini ndani yake anajiona mwanamume, au kinyume chake, akitumia dawa za homoni atakuwaje? Na je, azitumie? Michael Dillon anatajwa kuwa mtu wa kwanza anayejulikana aliyezaliwa na mwili wa kike kisha akatumia homoni ya kiume kwa nia hiyo. Hakuwa na wa kumuuliza.

Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa. Yeye na kaka yake walilelewa na shangazi zao katika mji wa Folkestone, kusini mwa Uingereza. Walimlea kama binti, wakamvisha kama binti, na tangu utotoni hakukubaliana na jambo hilo. Alisoma Oxford katika chuo cha wanawake, akaongoza timu ya wanawake ya kupiga makasia. Alikuwa na akili, alikuwa na ukoo wenye jina, lakini kila alipojitazama kwenye kioo aliona mtu asiyemfahamu.

Hapa tueleze kidogo homoni ni nini. Ni kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe na kusafirishwa na damu, zikiziambia sehemu mbalimbali za mwili zikue vipi na zifanye kazi vipi. Mfugaji wa Unyamwezi anazijua hata kama hajawahi kulisikia neno lenyewe. Ndama dume akihasiwa mapema anakuwa maksai mpole wa kulima, shingo haijai kama ya fahali. Homoni inayotoka kwenye korodani imekoma, na mwili umefuata njia nyingine. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango nazo ni homoni. Ile ya kiume, testosteroni, wanasayansi walifanikiwa kuitengeneza maabara mwaka 1935, na waliofanya kazi hiyo wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1939.

Ni mwaka huohuo wa 1939 ambapo Dillon, akiwa na miaka 24 na akifanya kazi katika maabara karibu na mji wa Bristol, alisikia kuwa daktari aitwaye George Foss alikuwa akiijaribu testosteroni kwa wanawake wanaotokwa na damu nyingi ya hedhi. Akamwendea. Foss hakumfukuza, ila alimtaka kwanza amwone daktari wa magonjwa ya akili.

Ushauri huo ulikuwa wa busara, na hata leo madaktari wengi hutaka mtu azungumze kwanza na mtaalamu. Ubaya ulikuja kutoka upande usiotarajiwa. Yule daktari wa akili hakuweza kutunza siri. Alimsimulia mwenzake, maneno yakatembea, yakafika hadi maabara alikofanya kazi Dillon. Dillon akaacha kazi. Foss naye aliingiwa na hofu, akamwachia vidonge lakini hakuendelea kumsimamia.

Kwa hiyo mtu huyu alirudi nyumbani na dawa mkononi, bila kipimo cha damu wala mtu wa kumwambia atumie kiasi gani na kwa muda gani. Vidonge vingi vya testosteroni vya zama hizo vilikuja kujulikana kuwa vinaweza kuumiza ini. Yeye hakujua. Alipima faida na hasara kwa alichokuwa nacho, yaani mateso ya kila siku upande mmoja na giza upande wa pili, akameza.

Alihamia Bristol na kupata kazi kwenye gereji. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imeanza. Mchana aliuza petroli na kuvuta magari mabovu, usiku alilinda gereji dhidi ya moto wa mabomu ya Wajerumani. Vijana wenzake walikuwa wakiwaambia wateja kwa kejeli kwamba huyo mnayemwona ni msichana. Miezi ikapita. Hedhi ikakoma, sauti ikazama, ndevu zikaota. Wateja wapya wakawa wanamwona mwanamume bila kuambiwa na mtu, na meneja akaamuru wafanyakazi wote wamtaje kama mwanamume.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili au Kinyamwezi amri hiyo huenda ikashangaza, maana sisi tukisema amekuja, hatujasema ni nani kati ya mume na mke. Kiingereza kina neno moja la kumtaja mwanamume asiyekuwepo na lingine la mwanamke, kwa hiyo kila sentensi pale gereji ilikuwa ni hukumu. Kwetu hukumu hiyo huja kwenye kaka na dada, baba na mama.

Mabadiliko yaliyompata Dillon yanajulikana vizuri leo, na ni muhimu kuyatenganisha. Mtu akiacha testosteroni, hedhi kwa kawaida hurudi na mafuta ya mwili huhama tena. Sauti iliyozama hairudi. Ndevu zilizoota kwa kawaida hazikomi zenyewe. Ni kama dume lililohasiwa ukubwani: umbo la fahali hubaki kwa sehemu kubwa. Dawa hii inaweza pia kuifanya damu kuwa nzito kupita kiasi, ndiyo maana inahitaji vipimo, na inaweza kupunguza uwezo wa kuzaa. Hata hivyo si kinga ya mimba. Mtu mwenye kizazi anaweza kushika mimba hata kama haoni siku zake, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kwa anayetumia homoni ya kike, estrojeni, matiti yakishakua hayarudi kuwa kama mwanzo, na sauti haipandi. Hatari kubwa kwake ni damu kuganda kwenye mishipa, hasa akivuta sigara au akimeza dozi kubwa. Anayenunua vidonge vya majira duka la dawa na kuvimeza vingi kwa siku, akidhani ataharakisha mambo, anajiweka kwenye hatari hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikabana, ni kukimbilia hospitali, na kumwambia mhudumu ukweli kuhusu dawa uliyotumia.

Turudi Bristol. Dillon alikuwa na tatizo la sukari ya damu kushuka, akaanguka na kulazwa. Hospitalini alikutana na daktari wa upasuaji aliyemsikiliza. Mwaka 1942 daktari huyo alimwondoa matiti, akamshauri abadilishe cheti cha kuzaliwa, na akamwelekeza kwa Harold Gillies, bingwa aliyepata sifa kwa kutengeneza nyuso za askari walioumia katika Vita ya Kwanza. Cheti kilibadilishwa mwaka 1944, na akawa Laurence Michael Dillon kisheria.

Cheti kimoja hakikutosha. Alitaka kusomea udaktari, na shahada yake ilionyesha chuo cha wanawake. Mwalimu wake wa zamani alimsaidia hadi Oxford ikarekebisha kumbukumbu. Suala hili la vyeti si la zamani tu wala la Ulaya tu. Nchini Kenya, Audrey Mbugua alilipeleka Baraza la Mitihani mahakamani ili jina kwenye cheti chake cha sekondari libadilishwe, na Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2014.

Dillon aliingia Trinity College, Dublin, mwaka 1945. Kati ya mwaka 1946 na 1949 Gillies alimfanyia upasuaji zaidi ya mara kumi ili kumtengenezea uume, akiandika kwenye faili ugonjwa mwingine ili kuficha siri. Vidonda na uchungu wa kipindi hicho si jambo la kulipita haraka; homoni ilikuwa ndiyo sehemu nyepesi. Mwaka 1946 alichapisha kitabu kiitwacho Self. Hoja yake ilikuwa kwamba kama nafsi ya mtu haibadiliki kwa ushauri wala kwa lawama, basi tiba iufuate mwili, na mgonjwa mwenyewe awe na kauli. Hakusema humo kwamba alikuwa akijieleza yeye.

Kitabu hicho kilimfikisha kwa Roberta Cowell, rubani wa zamani wa kivita aliyetaka kuishi kama mwanamke. Dillon alimpenda. Akiwa bado mwanafunzi, alimtoa korodani kwa siri, upasuaji ambao sheria ya Uingereza wakati ule iliukataza. Hapo, kwa maoni yangu, alivuka mpaka: angeweza kumuua mtu, na angeweza kufungwa. Cowell alikataa kuolewa naye.

Baada ya kufuzu mwaka 1951 alikuwa daktari wa melini kwa miaka kadhaa, mwenye ndevu na kiko mdomoni, na hakuna aliyemshuku. Kilichomfichua ni karatasi. Kaka yake alikuwa na cheo cha ubaroneti, ambacho hurithiwa na wanaume tu, naye hakuwa na mtoto wa kiume. Kitabu cha Debrett kilimtaja Michael kuwa mrithi. Kitabu cha Burke, kinachoorodhesha koo hizohizo, kilikuwa bado kinamtaja kama dada. Mwaka 1958 waandishi wa habari waliona tofauti hiyo, wakamkuta meli yake ikiwa Baltimore, Marekani. Habari ikasambaa duniani.

Alikimbilia India. Akajifunza dini ya Kibudha, akagawa mali yake, akajiita Jivaka, jina la tabibu wa Buddha. Siri yake ilipojulikana, kanuni za watawa zilimzuia asipate daraja kamili. Alipokelewa kama mwanagenzi katika monasteri ya Rizong, milimani Ladakh, ambako alifanya kazi jikoni chini ya vijana wadogo kuliko yeye, akala chakula kidogo, na kwa maelezo yake akawa na furaha.

Afya ilidhoofika. Tarehe 1 Mei 1962, siku aliyotimiza miaka 47, alimaliza kuandika habari za maisha yake, safari hii kwa uwazi, akazituma London. Tarehe 15 Mei alifariki hospitalini Dalhousie, kaskazini mwa India. Kaka yake alitaka maandishi yale yateketezwe. Wakala wake alikataa, akayahifadhi, na yalichapishwa zaidi ya miaka 50 baadaye.