Hayati Askofu Alexander Muge: Mtu Aliyekwenda Busia



Kamati yenu imeonelea kwamba katika toleo hili la kumbukumbu tuandike habari za mtu mmoja ambaye wazee wetu wanamkumbuka vizuri, lakini vijana waliozaliwa hapa wanalisikia jina lake tu. Huyo ni Hayati Askofu Alexander Kipsang Muge, aliyekuwa Askofu wa Dayosisi ya Eldoret katika Kanisa la Anglikana nchini Kenya. Alifariki tarehe 14 Agosti 1990, akirudi nyumbani kutoka Busia.

Sisi tuliotoka Kenya tuna sababu ya pekee ya kumkumbuka. Barabara aliyofia ndiyo barabara tuliyoikimbia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzua mapigano, maelfu ya watu kutoka magharibi ya Kenya walivuka mpaka Busia na Malaba wakiwa na watoto mgongoni na vyombo vichache mkononi. Watu wa Tororo walitupokea, tukakaa katika kituo cha muda cha Mulanda, kisha tukaletwa Kiryandongo. Ndugu zetu waliotoka Sudan Kusini na Kongo huenda hawakumjua askofu huyu, lakini mambo aliyoyapinga wanayajua kwa macho yao wenyewe.

ASKARI ALIYEACHA BUNDUKI

Muge alikuwa Mnandi. Kabla ya kuwa mchungaji alikuwa askari wa kikosi cha GSU, kile ambacho wananchi walikipa jina la Fanya Fujo Uone. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyejua serikali ina nguvu kiasi gani. Alijua amri inavyotolewa, alijua rungu linavyouma, na alijua raia anavyojisikia gari la askari linapoingia kijijini usiku.

Kazi hiyo aliiacha akaingia katika huduma ya Kanisa. Alisoma theolojia mpaka Uingereza, akatumika katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote mjini Nairobi. Mwaka 1983 Dayosisi ya Nakuru ilipogawanywa na Dayosisi ya Eldoret ikaundwa, yeye akachaguliwa kuwa askofu wake wa kwanza. Alikuwa bado hajafikisha miaka arobaini.

Dayosisi hiyo ilikuwa kubwa mno. Ilianzia mashamba ya mahindi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia, ikapita Nandi, ikafika Pokot Magharibi na jangwa la Turkana. Ndani yake mlikuwa na Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Waturkana, Wateso, Wajaluo na wengineo. Wengine walikuwa na ekari mia, wengine hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Askofu alitakiwa kuwa baba wa wote hao.

Tukumbuke pia kwamba Rais wa Kenya wakati huo, Daniel arap Moi, alikuwa Mkalenjin. Watu wengi walidhani kwamba askofu Mnandi angekaa kimya, afurahie kwamba mtu wa kwao yuko juu. Muge hakukaa kimya. Kwake, kosa lilikuwa kosa hata likitendwa na mtu wa nyumbani. Hili ndilo jambo la kwanza tunalotaka vijana wetu walishike.

NJAA YA POKOT MAGHARIBI

Miaka ya 1980 palikuwa na njaa kali huko Pokot Magharibi. Askofu alikwenda, akaona kwa macho yake, akarudi akasema hadharani kwamba watu wanakufa kwa kukosa chakula. Akaomba msaada upelekwe.

Wakuu wa chama cha KANU katika wilaya hiyo hawakufurahi. Walimkemea kana kwamba yeye ndiye aliyeleta njaa. Kwao kutaja njaa ilikuwa kuitukana serikali, maana katika taarifa zao kila kitu kilikuwa salama. Muge hakuyafuta maneno yake. Alijua kwamba mtoto mwenye njaa hashibi kwa sababu ya taarifa nzuri iliyoandikwa ofisini.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, nasi ndugu viongozi wa bloku, hili linatuhusu moja kwa moja. Maisha yetu ya kambini yanategemea orodha na hesabu. Mtu anayeongeza majina ya uongo katika orodha ya chakula ananyang'anya kikombe cha mwenzake. Na yule anayeandika kwamba hakuna shida, ili asisumbuliwe na wakubwa wake, naye ananyang'anya. Askofu Muge hakuongeza wala hakupunguza. Alisema alichokiona.

KURA YA MLOLONGO

Mwaka 1986 chama cha KANU kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea wake, wananchi wapange mstari nyuma ya mgombea au picha yake, badala ya kupiga kura ya siri. Mtindo huo uliitwa mlolongo, na ulitumika katika uchaguzi wa mwaka 1988. Mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga mstari alipita moja kwa moja bila kupigiwa kura ya siri. Sehemu nyingi watu waliona mistari mirefu kwa macho yao, kisha wakasikia ikitangazwa kwamba mstari mfupi ndio ulioshinda.

Viongozi wa makanisa walisimama kuupinga. Pamoja na Muge walikuwapo Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, Askofu David Gitari na Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri. Hoja yao ilikuwa rahisi hata mtoto angeielewa. Mfanyakazi hawezi kupanga mstari kinyume cha bwana wake halafu kesho arudi kazini kwa amani. Mchungaji naye hawezi kuonekana amesimama nyuma ya mgombea mmoja, halafu Jumapili awahubirie wote waliogawanyika.

Hatusemi kwamba Askofu Muge alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na zaidi ya mara moja alitofautiana hadharani na viongozi wenzake wa makanisa. Wapo waliompenda na wapo waliochoshwa naye. Lakini hata waliochoshwa naye hawakuweza kusema kwamba amenunuliwa.

ONYO LA BUSIA

Mwaka 1990 ulikuwa mwaka mzito Kenya. Mwezi Februari Waziri wa Mambo ya Nje, Dakta Robert Ouko, aliuawa, na nchi nzima ikauliza nani aliyemwua. Tarehe 7 Julai, siku iliyokuja kuitwa Saba Saba, watu waliodai vyama vingi walipambana na polisi. Neno lolote la kiongozi lilikuwa kama cheche kwenye nyasi kavu.

Mwezi Agosti, Peter Okondo, aliyekuwa Waziri wa Kazi na mbunge kutoka Wilaya ya Busia, alitoa onyo mbele ya watu kwamba Askofu Muge na Askofu Okullu wasikanyage Busia, na kwamba wakithubutu huenda wasitoke wakiwa hai. Gazeti likachapa, redio ya midomo ikaeneza.

Hebu tufikiri kidogo. Busia haikuwa katika dayosisi ya Muge. Hakuwa na lazima ya kwenda. Angeweza kusema ana homa, au ana mkutano, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliona kwamba kama waziri anaweza kumzuia Mkenya kuingia mji wa Kenya kwa kumtisha kifo, basi mwananchi mdogo asiye na kanzu wala gari atazuiwa hata kwenda sokoni. Akatangaza kwamba atakwenda. Hakutaka silaha wala hakukusanya vijana wa kumlinda. Alisema wazi siku anayokwenda, na siku hiyo akaenda.

Jumanne tarehe 14 Agosti 1990 Askofu Muge aliingia Busia. Watu walijitokeza kwa wingi kumpokea, wakaimba, naye akaomba pamoja nao. Kisha akaanza safari ya kurudi Eldoret. Huko Kipkaren, kabla ya kufika Turbo, gari lake liligongana na lori la maziwa, naye akafariki.

Habari zilifika Eldoret kabla ya mwili. Watu wa makabila yote walilia pamoja barabarani. Waziri Okondo alijiuzulu muda mfupi baadaye. Dereva wa lori alifungwa miaka saba kwa kosa la kuendesha vibaya, naye akafia gerezani kabla ya kumaliza kifungo. Miaka mingi baadaye, mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, afisa wa zamani wa usalama alitoa ushahidi kwamba haikuwa ajali bali ni njama. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani mtu yeyote kwa kupanga kifo hicho. Sisi hatuhukumu, ila tunasema kwamba ukweli uliocheleweshwa huumiza familia kila mwaka siku ya kumbukumbu inapofika.

TORORO WALIWAHI KUSIKIA

Habari ya ajali ya Kipkaren ilipovuka mpaka, watu wazima wa Tororo walitazamana. Wao walikuwa wamekwisha kusikia habari ya namna hiyo. Tarehe 16 Februari 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Oboth Ofumbi alikuwa mtoto wa Tororo. Serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Mwili wa Luwum ulipofikishwa kwao Mucwini, watu waliona matundu ya risasi.

Siku hizo hizo Askofu Yona Okoth wa Dayosisi ya Bukedi, ambayo makao yake ni Tororo, alipekuliwa nyumba yake, akakamatwa, akaachiliwa. Baada ya kifo cha Luwum alivuka kuingia Kenya kama mkimbizi, sawasawa na maelfu ya Waganda wengine. Wakenya wakawapokea. Amin alipoondolewa mwaka 1979 walirudi, na mwaka 1984 Okoth akawa Askofu Mkuu wa Uganda.

Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Kuna watu husema kwamba mwenye imani ya kweli hakimbii. Si hivyo. Luwum alibaki, Okoth akakimbia, Muge akaenda alikokatazwa, na wote watatu walikuwa watu wa Mungu. Anayekimbia kuokoa watoto wake hajakana imani. Tena mpaka ule ule uliowapitisha Waganda kwenda Kenya mwaka 1977 ndio uliotupitisha sisi kuja Uganda mwaka 2008. Mgeni wa jana ndiye mwenyeji wa leo.

TUJIFUNZE NINI

Askofu Muge hakuishi kuona mwaka 2008. Afadhali pengine. Tarehe 1 Januari mwaka huo kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na watu waliokimbilia ndani, wengi wao wanawake na watoto. Watu waliopanga mstari mmoja kuomboleza mwaka 1990 walikuwa wamegawanyika kwa makabila. Tunaona uchungu kuandika hivi, lakini kumsifu marehemu bila kusema jinsi tulivyoliacha neno lake ni kumdanganya.

Basi sisi tulio hapa, Wakristo kwanza, maana sisi ndio tunaolibeba jina hilo kila Jumapili, tuulizane. Mama wa kabila jingine akipanga foleni ya maji, je, ndoo yake inarushwa nyuma? Kijana wetu akikosa, je, tunamficha kwa sababu ni wa kwetu? Kiongozi akitisha watu wasilalamike, je, tunakwenda wawili watatu kwa utaratibu kumwambia, au tunanong'ona tu usiku? Jirani Mwislamu akifiwa, je, tunakwenda? Watu wa nje hawasomi Biblia zetu. Wanasoma foleni ya maji, mizani ya chakula na namna tunavyowalea yatima.

Muge hakuacha mali ya kurithiwa na sisi. Kaburi lake liko Eldoret, katika uwanja wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Mathayo. Alichotuachia ni kwamba alipotishwa hakutisha, na alipokwenda alikwenda mchana, mbele ya watu wote, mikono mitupu.

Kamati inawaomba wazee wote waliokuwapo Busia, Malaba au Eldoret miaka hiyo wakae na watoto wao wawasimulie. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema, na atupe sisi tuliobaki moyo wa kuishi pamoja kwa haki, hapa tulipo na huko tutakakorudi.

Kwa niaba ya wakaazi wote,
Kamati ya Jumuiya ya Kambi