Profesa Odhiambo alivyopeleka maabara Mbita

Marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasomea Makerere kisha Cambridge, Uingereza, alikowatafiti nzige wa jangwani. Aliporejea nyumbani, aliasisi jijini Nairobi, mwaka 1970, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, akishikilia kwamba Afrika haina budi kuwa na wanasayansi wake yenyewe.

Uamuzi wake wenye uzito zaidi, pengine, ni kujenga maabara Mbita, kusini-magharibi mwa Kisumu, mdomoni mwa Ghuba ya Winam. Jirani yake ni Bonde la Lambwe, ambako mbung'o walieneza nagana iliyowadhoofisha na kuwaua ng'ombe. Mashambani nako, bungua walitoboa mabua ya mahindi na mtama, mkulima akakosa chakula na mifugo wake wakapungukiwa na lishe.

Isidhaniwe kwamba yeye ndiye aliyebuni mbinu ya vuta-sukuma. Hiyo ni kazi ya Zeyaur Khan na wenzake pale Mbita, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, katika miaka ya 1990. Odhiambo alistaafu mwaka 1994. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, ikawafukuza nondo wa bungua na kulizuia gugu la kayongo. Nyasi za nepia pembezoni huwavuta nondo hao. Zote mbili hukatwa na kulishwa ng'ombe.

Odhiambo alifariki Mei 2003, na kituo cha Mbita kikapewa jina lake.