Olonana: Laiboni Aliyekatwa Jina

Msafiri atokaye Mombasa kwa gari, akifika Athi River, hukata kushoto akashika barabara ya Namanga, akaipita Kitengela na Isinya, hata akaingia Kajiado. Jina hili Kajiado ni kipande tu. Wamasai wenyewe husema Olkejuado, yaani mto mrefu, na baraza la wilaya lilitumia jina hilo kamili mpaka 2013. Katika makaratasi ya wakoloni jina hilo lilikatwa, kama lilivyokatwa la bwana mkubwa wa nchi hiyo, yule ambaye vitabu vyao vilimwita Lenana.

Yeye hasa ni Olonana ole Mbatian. Ole kwao ni kama bin kwetu. Mbatian, baba yake, alikuwa laiboni mkuu, mwonaji ambaye morani hawakutoka kwenda vitani bila ya kupata baraka zake. Inasimuliwa kwamba alipokuwa taabani, mnamo 1890 hivi, alimwambia mwanawe Sendeyo aje alfajiri akabidhiwe ulaiboni. Olonana aliyasikia hayo. Akaamka mapema zaidi, akaingia gizani, na mzee alipouliza ni nani, akajitaja kwa jina la nduguye. Akapewa rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu na vijiwe. Sendeyo alipofika, urithi ulikuwa umekwisha kwenda. Msomaji atakumbuka kisa cha Yakubu na nduguye, kama kinavyosimuliwa na Mayahudi na Manasara.

Ndugu hao wakapigana miaka mingi, na ile ilikuwa miaka mibaya: sotoka imemaliza ng'ombe, ndui imemaliza watu. Sendeyo akahamia upande uliotawaliwa na Wajerumani. Olonana, mnamo 1894, akawaendea Waingereza katika ngome yao ya Fort Smith kutafuta hifadhi, kisha akakaa upande wa Ngong. Kwa maoni yangu hatuna haki ya kumwita kibaraka kwa haraka. Mtu mwenye njaa hachagui mlango. Waingereza nao wakamvika cheo cha chifu mkuu wa Wamasai wote, cheo ambacho Wamasai hawakukijua. Ndugu walipatana 1902.

Mpanda milima Mackinder, alipofika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899, aliviita vilele kwa majina ya ukoo huu. Mbatian akapoteza herufi ya kwanza akawa Batian, mita 5,199. Olonana akawa Lenana, mita 4,985. Hata Sendeyo alipewa chake, kifupi zaidi.

Ukataji huu si wa Umasaini peke yake. Huko Marekani, enzi hizo hizo, mchezaji wa besiboli Ossee Schreckengost wa timu ya Philadelphia alifupishwa na magazeti akawa Schreck, ili jina lienee katika safu ya matokeo. Lakini Schreck hakupoteza malisho.

Mkataba wa Agosti 1904 ulimtaja chifu mkuu kwa jina la Lenana. Kwa mkataba huo Wamasai waliondoka Bonde la Ufa, wakagawanywa sehemu mbili, Laikipia kaskazini na nyingine kusini, na wakaahidiwa kwamba nchi hizo ni zao maadamu Wamasai wapo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Olonana alifariki tarehe 7 Machi 1911, na Waingereza wakatangaza kuwa wasia wake ulikuwa Wamasai wote wahamie kusini. Mwezi uliofuata mkataba wa pili ulitiwa alama, akitumiwa mwanawe Seggi, aliyekuwa bado kijana mdogo. Watu wa Laikipia wakaswagwa na mifugo yao kuelekea kusini.

Aliyekataa ni kiongozi wa Laikipia, Parsaloi ole Gilisho. Wenzake walifungua kesi, ikasikilizwa Mombasa mwaka 1913. Mahakama ikasema mikataba ile ni kama ya dola mbili, haina uwezo wa kuiamua. Naye Gilisho, katika majalada ya serikali, ameandikwa Legalishu.